Mfumo wa Kale Katika Kompyuta ya Leo

Kuna ombi moja ambalo mafundi wa kompyuta wa Kariakoo, tangu wale wa vibanda vya Mtaa wa Aggrey hadi wale wa vyumba vya juu katika maghorofa ya Msimbazi, wamelisikia kwa miaka mingi, na ambalo aghalabu hulipokea kwa kicheko, ilhali kwa rai yangu lastahili kupokewa kwa adabu na kwa swali. Mwenye ombi ni mtu aliyenunua kompyuta mpakato mpya, au iliyo mpya kwake baada ya kutumika Ulaya na kupitia Dubai, ambayo haikai naye juma moja kabla hajaipeleka kwa fundi na kumwambia: "Ondoa hii Windows iliyokuja nayo, nipigie Windows 7." Fundi, ambaye pengine ni kijana wa umri wa mwanawe, humjibu: "Shikamoo mzee. Saba imeshapitwa na wakati, mzee wangu", na mzee, ambaye hakuja kuuliza habari za wakati, huitikia marahaba, akaondoka na kwenda kibanda cha pili, ambako kijana mwingine asiyependa kumpoteza mteja humwambia: "Niachie, pitia jioni."

Majibu hayo mawili, lile la kukataa na lile la kukubali, yana upungufu wa namna moja, nao ni kwamba hakuna aliyemwuliza mzee anaitakia nini Windows 7. Hapana mtu atakaye mfumo endeshi kwa ajili ya mfumo wenyewe. Mtu hutaka kazi yake, na kazi hiyo imezoea kukaa juu ya mfumo fulani. Naye asipoulizwa habari ya kazi, hutaja mfumo, kwa sababu ndilo jina alijualo.

Nianze na sababu ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote katika mji huu, nayo ni bando. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, zama ambazo mwenye kompyuta aliweza kuyazima masasisho kwa kubofya mara chache, na mashine ikatii. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilikuja na desturi nyingine, kwamba mfumo huteremsha masasisho wenyewe, mara mamia ya megabaiti na mara gigabaiti kadhaa, na mwenye toleo la nyumbani hakupewa haki ya kukataa. Kwa mtu aliyelipia intaneti ya mwezi mzima isiyo na kikomo, jambo hilo halina uzito wowote. Lakini mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo aliyenunua bando la juma, akaiunganisha kompyuta na simu yake ili atume ankara moja tu, kisha akaliona bando lote limekwisha kabla ankara haijafika, ana haki ya kuona kwamba mali yake imetumiwa pasipo idhini yake. Mtu huyo akisema arudishiwe saba, hasemi kwa ujinga wala kwa kupenda ya kale. Anatetea masurufu yake.

Wako wengine ambao haja yao ni programu. Mwenye mashine za kudarizi kanzu na magauni huenda alinunua, kwa fedha nyingi na miaka mingi iliyopita, programu ya kuchora nakshi inayolindwa na kidude maalumu, ambacho kisipochomekwa nyuma ya kompyuta programu haifunguki. Na kidude hicho, kama ni cha zamani vya kutosha, kilitengenezwa kwa ajili ya lile tundu la printa lenye pini 25, ambalo kompyuta mpakato za leo hazina. Mwenye duka la vipuri huenda hesabu ya bidhaa zake imo katika programu iliyoandikwa kwa ajili ya DOS katika miaka ya 1990, yenye majina ya vipuri elfu kadhaa yaliyoingizwa moja moja kwa mkono wa karani ambaye labda amekwisha kustaafu. Huyu ndiye ambaye yule fundi wa "pitia jioni" aweza kumdhuru pasipo kukusudia. Programu za namna hiyo ni za biti 16, na Windows yoyote ya biti 64, ikiwemo hiyo hiyo Windows 7, haizifungui kabisa. Fundi atahangaika mchana kutwa, atampigia mzee saba ya biti 64 kwa sababu mashine ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na toleo la biti 32 haliwezi kuitumia yote, atapokea ujira wake kwa haki, na mzee atafika dukani na kukuta programu yake ni ile ile isiyofunguka. Swali moja la asubuhi lingaliwaokoa wote wawili.

Wala haifai kuwashangaa watu wa mji huu wanaposhikamana na chombo kilichokwisha kuwatumikia vyema. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini pasipo ruhusa maalumu, na mlango huo haukuanza kufunguliwa mpaka miaka ya 1980. Jengo la Soko la Kariakoo, alilolichora msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, yaani mwaka mmoja tu baada ya marufuku, katika mji ambao raia wa kawaida hakuwa na njia ya kuimiliki kompyuta hata kama angalikuwa na fedha. Wazee wanaofika leo kwenye vibanda vya mafundi, hatua chache kutoka soko hilo, ni watu waliojifunza kompyuta ukubwani, wengi wao kazini, kwa mashine moja iliyotumiwa na idara nzima, na maarifa waliyoyapata kwa taabu hawako tayari kuyatupa kila watengenezaji wanapohamisha kitufe kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine. Mimi nawaunga mkono katika hilo. Kumlazimisha mtu wa miaka sitini kujifunza upya namna ya kulifungua faili lake mwenyewe ni kumtoza kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

Pamoja na hayo, mashine ina tabia zake, na tabia hizo hazibadiliki kwa huruma yetu. Yafaa tuzifahamu, kwa sababu mafundi wengi huzieleza kwa kusema tu kwamba "mashine imekataa", nao wateja hudhani wanadanganywa.

Mfumo endeshi huongea na kila kiungo cha kompyuta kwa njia ya programu ndogo iitwayo draiva, na mfumo uliotengenezwa mwaka 2009 hauwezi kuwa na draiva ya kiungo kilichobuniwa baada yake. Tutazame tundu za USB. Wakati Windows 7 inatengenezwa, USB ya tatu ilikuwa ndiyo kwanza imetangazwa, kwa hiyo draiva yake haikutiwa. Kwa miaka kadhaa jambo hilo halikumsumbua mtu, maana mashine zilikuwa na vidhibiti vya aina zote mbili, kipya na cha kale, mpaka Intel ilipokiondoa kile cha kale katika prosesa za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka 2015. Tangu hapo hutokea ajabu ifuatayo. Flashi yenye Windows 7 huiwasha mashine vizuri na maandishi ya mwanzo yakaonekana, kwa kuwa hatua hiyo husimamiwa na bayosi, yaani programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Lakini programu ya usakinishaji inapopokezwa kazi, haina tena njia ya kuifikia flashi ile ile iliyotoka humo, nayo hutoa ujumbe wa kudai draiva ya CD, katika mashine isiyo na mahali pa kutia CD. Kipanya cha USB hakijongei. Kibodi ya mashine huenda ikaendelea kuandika, kwa sababu katika kompyuta mpakato nyingi imeunganishwa kwa njia ya kale isiyopitia USB, na hilo humpa fundi mchanga tamaa ya uongo kwamba kasoro iko kwenye flashi. Basi hubadilisha flashi, na nyingine, na nyingine.

Akivuka hapo, hukutana na diski. Kompyuta za leo zina SSD za NVMe, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 2011, na Windows 7 haizioni mpaka itiwe kiraka ambacho Microsoft ilikitoa baadaye na ambacho ni shurti kichomekwe kwa mkono ndani ya flashi kabla ya kuanza. Akivuka na hapo, hukutana na nembo isiyoondoka. Mashine mpya zimeiacha bayosi ya kale na kutumia UEFI. Kwa miaka mingi watengenezaji waliacha humo sehemu ya kuiga bayosi ile, na mwaka 2017 Intel ikatangaza nia ya kuiondoa sehemu hiyo ifikapo 2020. Windows 7, hata ikisakinishwa kwa njia ya UEFI, wakati wa kuamka huiomba bayosi ya kale huduma ya kuchora juu ya kioo, na pasipokuwa na wa kuitikia ombi hilo, mashine husimama papo hapo penye nembo, haisongi mbele wala hairudi nyuma, hata ukaiacha mpaka alfajiri.

Nawaheshimu mno mafundi wanaovuka vizuizi vyote hivyo. Yuko kijana anayekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ngazi, umeme unakatika na kurudi, naye anaifungua picha ya usakinishaji, anaitia draiva za USB na za diski, anaifunga tena, anaijaribu, anairekebisha, mpaka inakubali. Huo ni ustadi wa kweli, aliojifunza pasipo chuo, na laiti tungekuwa na njia ya kuutambua kwa cheti, tungewatendea haki vijana wengi wa mji huu. Lakini kushinda kwa fundi si lazima kuwe ndiko kufaidika kwa mteja. Mfumo umekaa, naam. Bali kioo kinaonyesha picha zilizovimba kwa sababu hakuna draiva ya michoro ya prosesa hiyo, mwanga wake haupunguzwi, Wi-Fi haionekani, na betri, kwa kuwa mfumo haujui namna ya kumpumzisha mfanyakazi usiyemfahamu, huisha mapema. Mtu amelipa bei ya mashine ya leo, naye anatumia sehemu ndogo tu ya kile alicholipia.

Haki yataka niseme pia kwamba vizuizi hivi si vya maumbile ya mashine peke yake. Januari 2016 Microsoft ilitangaza kwamba prosesa mpya zitasaidiwa katika Windows mpya tu, na mwaka uliofuata ikaanza kuzinyima masasisho kompyuta zenye Windows 7 juu ya prosesa za kizazi cha saba za Intel na zile za Ryzen, hata pale ambapo mfumo ulikuwa ukienda vizuri, na hali muda wa msaada wa Windows 7 haujaisha. Huo ulikuwa uamuzi wa biashara, na mteja wa Kariakoo alikuwa mmoja wa waliobebeshwa mzigo wake pasipo kuulizwa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo linanifanya, pamoja na huruma yote niliyoieleza, nimshauri mtu asiipeleke Windows 7 kwenye intaneti. Msaada wake ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na kila tundu la usalama lililogunduliwa tangu siku hiyo limebaki wazi kwa watu wa kawaida. Google nayo ilifanya toleo la 109 la kivinjari cha Chrome kuwa la mwisho kwa mfumo huo mwanzoni mwa 2023. Mwenye kuona kwamba natia chumvi akumbuke tarehe 12 Mei 2017, siku programu haribifu ya WannaCry ilipoanza kuenea ulimwenguni, ikazifunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi 150 hivi, na ikazuia kazi katika hospitali za Uingereza hata wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Wengi sana kati ya walioathirika walikuwa wakitumia Windows 7. Na kiraka cha kuliziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla ya msiba. Waliopatwa ni wale ambao masasisho hayakuwafikia, baadhi kwa uzembe, na baadhi, katika nchi kama zetu, kwa sababu ile ile ya kulinda bando.

Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, na siwezi kuuficha: yule mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo ana haki, na haki yake yaweza kumwangamiza. Fauka ya hayo, madhara hayaishii kwake. Mwenye zahanati ndogo, mwenye duka la dawa, wakala wa fedha, wakili mwenye ofisi ya chumba kimoja, hawa wote wana majina na siri za watu ndani ya kompyuta zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imewabebesha dhima ya kuzilinda. Fundi anayempigia mtu wa namna hiyo mfumo usio na msaada, tena akaufungua kwa programu ya wizi wa leseni aliyoitoa asikojua, ambayo aghalabu huja na vidudu vyake, amewatia hatarini watu wasiokuwepo kibandani na wasiojua kwamba jambo lao linaamuliwa.

Basi mtu afanye nini? Kama haja ni bando, mashine iachwe na mfumo wake mpya. Ndani ya Windows 10 na 11 umo mpangilio wa kuuambia mfumo kwamba mtandao wa simu yako ni wa kulipiwa kwa kipimo. Ukiuwasha, masasisho makubwa hayateremshwi juu ya mtandao huo, nawe utayachukua siku utakapokuwa mahali penye intaneti ya bure au isiyo na kikomo. Kadhalika duka lenye kompyuta kadhaa laweza kupanga moja iteremshe na nyingine zichukue kwake kupitia mtandao wa ndani. Ni kazi ya dakika chache, na nina yakini kwamba nusu ya maombi ya Windows 7 yangekwisha kama kila muuzaji angempangilia mteja jambo hilo kabla hajamfungia mashine kwenye mfuko.

Kama haja ni programu ya zamani, njia ya heshima ni kuukaribisha mfumo wa kale ndani ya ule mpya. Iko programu ya VirtualBox, isiyolipiwa, inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli. Humo yaweza kutiwa Windows 7 ya biti 32, ikafungua hata zile programu za biti 16 za yule mwenye vipuri, nayo ikakatiwa intaneti kabisa. Ni kama mgeni aliyepewa chumba cha uani katika nyumba zetu za Kariakoo: anakula, analala, anafanya shughuli zake, bali funguo za mlango wa mbele hana. Draiva za USB ya tatu na za NVMe hazihitajiki tena, kwa kuwa mfumo wa kale huonyeshwa viungo vya kuigiza unavyovifahamu. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 yatosha kwa kazi hiyo.

Kwa yule wa kidude cha pini 25, sina tiba ya namna hiyo. Ushauri wangu kwake ni kuitunza kompyuta yake ya zamani kwa kazi ya nakshi peke yake, kuinunulia mwenzake wa akiba mapema maadamu bado apatikana, kunakili diski yake nzima, na kutoiunganisha na mtandao wowote tena. Michoro iende na kurudi kwa flashi iliyokaguliwa.

Na wenye mashine za mtumba za kizazi cha sita na cha saba wana msiba wao, unaokwenda kinyume na huu wa kwanza, maana wao mfumo mpya ndio unaowakataa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hutaka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel husaidia rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache. Na Windows 10 ilikoma kusaidiwa tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa waliojiandikisha kuongezewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Kwa hawa nawasihi mafundi wasione haya kuwaonyesha Linux, mfumo endeshi mwingine. Si jambo geni mjini hapa: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, kazi ambayo naisikitikia kila nionapo jinsi ilivyosahauliwa upesi.

Na wewe ambaye, baada ya maelezo yote haya, bado una sababu ya kweli ya kuurudisha mfumo wa nyuma, iko haki ya kisheria unayoweza kuwa nayo: kompyuta iliyokuja na leseni ya Windows 11 Pro imeruhusiwa kushushwa hadi Windows 10 Pro, bali ile ya Home haikuruhusiwa, kwa hiyo soma leseni yako kabla ya kulipa. Kisha, kabla fundi hajagusa mipangilio ya kuwashia, mwambie akuonyeshe kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kompyuta nyingi mpya huja zimefungwa hivyo bila mwenyewe kuarifiwa, na mara tu mpangilio wa Secure Boot unapozimwa, mashine yaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukupa faili lako hata moja. Ufunguo huo uandike kwenye karatasi, uhakiki tarakimu kwa tarakimu, nakala ya faili zako iwe mkononi mwako na si mwa fundi, ndipo umwambie aanze.